Marehemu Mwenye Ngazi

Sogeeni, nafasi ipo. Na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele kicheko kitakuwa kigumu kumeza. Nawasimulia habari za fundi rangi mmoja aliyekufa asubuhi ya jua kali, huku mwenyewe yuko juu ya ukuta wa watu, anapaka rangi na kupiga mbinja.

Hakujua kama amekufa. Jioni alirudi nyumbani, ndoo mkononi, ngazi begani, akamkuta mkewe ameketi kizingitini, na jiko halijawashwa.

"Vipi, mama Chiriku? Mbona umekaa hivyo, nani kafa?"

"Wewe," akajibu mkewe.

Mtaani walimwita Ngazi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini aliyekuwa akimwita kwa jina hilo ni mama yake, na mama yake alishatangulia mbele ya haki. Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao, aliachiwa na fundi aliyemfunza kazi. Kila alipoiegemeza ukutani aliitikisa kidogo, akaisikiliza, akaitikisa tena, ndipo akapanda. Hakuwahi kuanguka. Na kabla ya kuchovya brashi ilikuwa lazima aweke kiganja ukutani, kama mama anavyompima mtoto homa, asikie kama ndani kuna unyevu. "Ukipaka rangi juu ya unyevu," alikuwa akiwaambia wenye nyumba, "ukuta utakunyamazia. Halafu siku moja utakutapikia rangi yote."

Yeye na mkewe walijaliwa binti mmoja, waliyemwita Chiriku kwa sababu maneno hayakumwishia mdomoni. Akili alikuwa nayo ya kukopesha wenzake. Lakini shule ya mtaa wao ilifurika kama gunia lililoshindiliwa. Watoto walikaa sakafuni, wa nyuma hawaoni ubao, na mwalimu sauti ilikuwa imemkauka kwa kupigana na kelele. Chiriku alirudi nyumbani na vumbi kwenye sketi na maswali ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyajibu. Na kule juu kilimani ilikuwepo shule ya kulipia, yenye maktaba, na kila mtoto ana dawati lake. Watu walisema kila mwaka inachukua watoto wachache wa familia duni na kuwasomesha bure, wafadhili ndio wanaolipa.

Basi asubuhi ile mkewe alimshika mtoto mkono wakapanda kilima. Walipokewa na dada wa ufadhili, ndiye mwenye kazi ya kuchagua watoto wa kusaidiwa. Mwanamke mpole, sauti yake kama maji ya uvuguvugu. Alimsomesha Chiriku ukurasa mzima, akatabasamu, akamsifu. Kisha akamgeukia mama.

"Sasa, mama, kabla sijakuuliza la mwisho, ujue nafasi zilizobaki ni za mayatima tu. Wafadhili wetu huguswa zaidi na mayatima. Kwa hiyo usiwe na haraka. Fikiria. Baba yake yupo?"

"Nikafikiria," mkewe akamwambia Ngazi pale kizingitini. "Nikamwangalia mtoto, nikayaangalia yale madawati. Nikasema amefariki. Na mtoto yuko pale anasikia."

Ngazi aliangua kicheko. "Kumbe kufa hakuumi! Na mimi nilivyokuwa nakuogopa! Haya, marehemu alipatwa na nini?"

"Uliteleza kwenye ngazi."

Ngazi akaishusha ngazi begani. "Yaani sababu zote za dunia zilikwisha, ikabaki hiyo?"

"Niliulizwa ghafla, mume wangu. Ninachokiogopa kila siku ndicho kilichotoka."

Chiriku akaanza shule. Na mambo ya kifo, wapenzi wangu, yana utaratibu wake hata kama maiti inakula na kulala kwake. Kwanza picha ya harusi ikatoka ukutani. Kisha viatu vya Ngazi vikahama mlangoni, vikawekwa chini ya kitanda, maana mtu wa shule angeweza kupita. Basi la wanafunzi lilipomshusha Chiriku barabarani, Ngazi kama yuko hapo aligeuza uso kwenye ukuta wowote uliokuwa karibu, kama anayeukagua. Siku za wazazi alikwenda mkewe peke yake. Siku za ukaguzi wa nyumba, Ngazi aliibeba ngazi yake akaenda kujibanza kwa muuza mkaa, jirani yao, mtu mweusi kwa mkaa mpaka kope, ambaye siri hii ilimfurahisha kupita kiasi.

"Marehemu! Karibu. Habari za kaburini?"

"Kuna joto."

"Hujafika kwenye joto lenyewe wewe, bado uko mapokezi." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha siku moja, akipanga magunia, akasema bila kucheka: "Lakini niambie, Ngazi. Wewe ni maskini, sote tunajua, hata panya wa kwako wanakula kwangu. Kumbe kuwa maskini na kuwa hai havitoshi? Mpaka ufe kidogo ndipo mtoto asome?"

Ngazi akarudi nyumbani. Alimwangalia Chiriku akisoma jioni, midomo ikienda mbio, akajiambia: tulia, baba, vumilia.

Walikubaliana mtoto amwite baba akiwa ndani, na akiwa nje amwite mjomba, kwa tahadhari. Lakini neno likizoea njia ya nje, hata ndani hubisha hodi. Walikuwa mezani, mama, baba na mtoto, wakati Chiriku aliponyoosha mkono na kusema, "Mjomba, nisogezee chumvi."

Mama akaacha kutafuna. Ngazi akaisogeza chumvi. Hakuna aliyemsahihisha, na hilo ndilo lililomtisha.

Sasa sikilizeni kosa lake. Wakati wa likizo mkandarasi alimwita kupaka rangi ukumbi wa shule ileile ya kilimani. Kazi zilikuwa adimu, na Ngazi akahesabu kwamba shule imefungwa, sura yake haijulikani, atamaliza na kuondoka. Na ndani ya moyo wake, tusimfiche, alitaka kuona mahali anaposoma mwanawe. Alipoingia ukumbini aliweka kiganja ukutani kama desturi. Ulikuwa baridi, umelowa kama ulimi.

"Hapa pakwanguliwe kwanza, pakauke," akamwambia mkandarasi.

"Wageni wanakuja, fundi. Paka tu. Ikinyanyuka, itanyanyuka wameshaondoka."

Ukumbini humo alikuwemo fundi bomba, mtu mnyamavu, anatengeneza mabomba. Walikunywa chai pamoja. Ngazi akaona yule mtu, kila msichana wa shule akipita nje, anainamisha kichwa ndani ya mabomba yake kama kobe. Wasichana walikuwa wameanza kurudi, maana kazi ilichelewa na shule ikafunguliwa. Ngazi naye alikuwa akifanya vilevile, uso ukutani. Wakakamatana macho.

Fundi bomba akatua kikombe. "Wewe ulikufa na nini?" akanong'ona.

Ngazi akatazama mlangoni kwanza. "Nilianguka kwenye ngazi. Wewe?"

"Maji. Nilizama." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Na wala kuogelea sijawahi hata kujaribu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha puani, na hawakutazamana tena.

Wageni walikuja kabla rangi haijakauka. Mkandarasi akamkuta Ngazi juu kabisa, nyuma ya ukumbi, anamalizia ukingo wa dari. "Usishuke sasa, utawapigia kelele. Kaa hapohapo, jifanye haupo." Hilo alikuwa amelizoea.

Watoto wakaingia, wafadhili wakaketishwa mbele wakilitazama jukwaa, na dada wa ufadhili akamwita mtoto wa kuwaeleza walivyosaidika. Aliyepanda jukwaani alikuwa Chiriku.

Alizungumza vizuri mno. Alieleza mikono ya baba yake, jinsi ilivyonukia rangi hata baada ya kuoga. Alieleza anavyogusa ukuta kwa kiganja. Alieleza ngazi ya mbao, inavyotikiswa na kusikilizwa. Wafadhili wakatoa vitambaa. Kisha akafika kwenye siku yenyewe. "Alikuwa juu kabisa, karibu na dari, kwenye ukumbi mkubwa kama huu. Mguu wa ngazi ukasogea. Kidogo tu."

Ndipo alipoinua macho, akamwona.

Ngazi alishika ukingo kwa vidole vyote. Akangoja mtoto ababaike, akwame, alie, afanye lolote. Chiriku hakukwama. Alimtazama moja kwa moja na sauti ikaendelea kutiririka. "Hata sasa, nikitazama juu, namwona pale. Simwambii mtu. Najua hayupo."

Ukumbi mzima ukalia. Ngazi alingoja watoke wote. Alishuka ukumbi ulipokuwa mtupu, anatafuta kila kipandio kwa unyayo, kama kipofu. Chini alikuwa amesimama dada wa ufadhili. Alimtazama masikio, pua, paji la uso, vile mtu anavyosoma kitu anachokifahamu.

"Kazi nzuri, fundi," akasema kwa upole. "Mtoto ana kipaji. Tusimharibie."

Wiki hiyohiyo akaja nyumbani, na safari hii hakuna aliyeficha viatu, maana hakupiga hodi. Akaketi, akakubali maji.

"Wafadhili wameguswa," akasema. "Wako tayari kumlipia mpaka amalize masomo yote. Yote, mama, hata ya juu. Wana ombi moja dogo. Wangependa kuweka maua kaburini."

"Kaburi lipi?" Ngazi akauliza.

Dada wa ufadhili akamtazama mkewe, kana kwamba sauti ile imetoka dirishani. "Kwenye makaburi ya mjini, kona ya mwisho, mlinzi anaelewa. Udongo kidogo na kibao tu. Mimi sikutunga uongo wenu, mama. Mimi nilisema mfikirie. Na wapo mayatima wa kweli wanaongoja nafasi hii, kwa hiyo msipoiweza, niambieni mapema."

Alipoondoka, mke na mume walibaki wameketi palepale. Ndani Chiriku alikuwa anafanya hesabu. Penseli yake ilisikika ikikwaruza, ikikwaruza, haisimami.

"Nikisema ukweli anarudi sakafuni," Ngazi akasema hatimaye.

"Anarudi sakafuni," mkewe akaitikia. "Na nafasi ile ni ya yatima, baba Chiriku. Tumeikalia. Hilo nalo ninalala nalo."

Asubuhi Ngazi alikwenda makaburini na sepeto, kibao, ndoo ya rangi na brashi. Muuza mkaa alimwona akipita, akafungua mdomo kutania, akaufunga.

Kona ya mwisho haikuwa tupu. Yalikuwepo matuta kadhaa na vibao vyake. Ngazi hakuwa mchimba makaburi, lakini aliwahi kuzika, na alijua udongo wa kaburi la kweli hutitia, ukashuka kadiri siku zinavyopita. Matuta haya hayakushuka. Yalikaa juu, yamejaa, kama mikate iliyoumuka. Kwenye kibao kimoja palichorwa tone la maji. Akamkumbuka yule mnyamavu wa mabomba, aliyesema alizama.

Alirundika tuta lake. Kisha akapiga magoti, akaandika kwenye kibao jina lake, lile aliloitwa na mama yake, ambalo hakuwahi kuliandika kwa uzuri hivyo. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya udongo bila kukusudia, kwa mazoea tu. Ulikuwa na unyevu.

Wafadhili walikuja na maua. Ngazi alisimama mbali, kwa mlinzi, ameshika ufagio kama mfanyakazi wa pale. Alimwona Chiriku akisogea, akisoma jina, kisha akianguka juu ya lile tuta kwa kilio, mpaka mama yake akashindwa kumnyanyua. Dada wa ufadhili akafuta machozi, ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Masomo yakathibitishwa palepale, mpaka mwisho.

Jioni, nyumbani, Ngazi alitaka kuupasua ukimya kwa utani. "Chiriku, leo umelia vizuri. Ungenizika hivyo kweli, ningelala raha."

Mtoto alifunga daftari. "Sikuwa naigiza, baba," akasema. Lilikuwa neno ambalo Ngazi hakuwa amelisikia siku nyingi. "Niliona jina, nikajaribu kukumbuka kama uko nyumbani. Sikukumbuka."

Ngazi akamvuta kwake. Mtoto akaweka sikio kifuani pa baba yake, akakaa hivyo, anasikiliza.

"Kesho usipande," akasema.

"Nisipopanda tutakula nini?"

"Usipande tu."

Lakini ufadhili ulimlisha Chiriku shuleni, haukumlisha mama yake, wala kuezeka nyumba. Asubuhi mkandarasi alikuwa anangoja, jengo refu, kando ya barabara. Ngazi akaegemeza ngazi ukutani. Akaitikisa, akaisikiliza, akaitikisa tena. Akapanda, mguu kwa mguu, mpaka juu. Kwa mbali basi la shule ya kilimani lilikuwa linakuja, na kwenye dirisha moja kulikuwa na uso mdogo uliobanwa kwenye kioo. Mkono ulikuwa chini, maana wenzake walikuwa wanaona.

Ngazi naye hakupunga. Aligeuza uso ukutani, kama alivyozoea.

Basi likapita, na ile ngazi ikatetemeka chini yake, kama inavyotetemeka kila gari kubwa likipita. Kidogo tu.