Darasa la Mama Mifupa

Wanafunzi walimwita Mama Mifupa, naye jina alilipenda. Kwa miaka ishirini na minne aliwafundisha wauguzi mifupa ya binadamu kwa lugha waliyonyonya kwa mama zao, na mzaha haukumkauka mdomoni. Mtulinga, mfupa huu wa begani, aliwaambia, ni kama mkwe mpole: huna habari naye mpaka siku akivunjika.

Kisha chuo kikaamua shahada zote zifundishwe kwa Kiingereza, ili wanafunzi wa nje waje. Mkuu wa kitivo, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, alimwita ofisini akamweleza kwa adabu, macho yakiwa mezani. Vyuo vingine vimeshatangulia, alisema, na asiyeingia mbio hizo ataachwa kwenye mataa.

Mama Mifupa hakuwa mbumbumbu. Vitabu vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza, na alivisoma bila shida. Kukisema ndiko kulikomshinda. Jioni alikwenda kozi, akaketi na watoto wa rika la wanawe. Nyumbani alirudia sentensi huku akikoroga chungu, mpaka mumewe naye akazijua. Wapi! Siku moja mwanafunzi mgeni, kijana mstaarabu, alimuuliza swali ambalo jibu lake alilijua kama kiganja cha mkono wake. Akafungua kinywa, ikatoka "ndiyo" ya Kiingereza, basi. Kijana akaiandika.

Muhula uliofuata darasa likapewa mhadhiri kijana, naye pia zao la mikono yake. Mama Mifupa mwenyewe akapelekwa chumba cha mifupa, pua na mdomo na darasa lile: kufuta vumbi, kubandika lebo.

Asubuhi moja alimsikia mhadhiri yule akieleza mahali pa kuchoma sindano kwenye tako. Badala ya upande wa nje, ulimi ukamteleza, akasema wa ndani, kunakopita mshipa mkubwa wa fahamu. Hata yeye Kiingereza hakukinyonya kwa mama.

Mama Mifupa akatupa kitambaa, akafungua mlango wa darasa. Nyuso hamsini zikamgeukia. Sentensi aliyoiunga njiani ikayeyuka. Lugha yake mwenyewe ilikuwa imekatazwa mle ndani, na ulimi ulishajifunza kuogopa. Akabaki akijigusa nyonga, upande wa nje, akatikisa kichwa, akajigusa tena. Huko nyuma watu wakacheka chini kwa chini. Mhadhiri akamsogezea kiti, akamwinamia na kumnong'oneza kwa lugha yao.

"Pole, Mwalimu. Ni mgongo tena?"

Alitoka. Baada ya kipindi alimvuta mhadhiri pembeni koridoni, akamweleza yote. Kijana akashika kichwa, akamshukuru, akaahidi kurekebisha.

Kipindi kilichofuata Mama Mifupa alitega sikio ukutani tangu mwanzo hadi mwisho, akingoja neno sindano. Walikuwa wameshafika kwenye goti.