Shemeji Asimamie

Sauti ya nyundo ikigonga mwamba ilitujia kutoka chini ya miguu yetu. Tulikuwa tukila ugali wa mtama, huko Nyakunguru, na mboga zikitetemeka kwenye bakuli. Baba alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua, wakati watu walipokuwa wakimiminika kutoka kila upande kutafuta dhahabu, na shamba alilotuachia lilikuwa juu ya mwamba wenye dhahabu.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao. Kwa kuwa katibu wa kijiji alikuwepo, mambo yalisemwa kwa Kiswahili, ambacho Mama alikijua kwa nyimbo za kanisani tu. Nyumbani tulisema Kikurya. Wakamwuliza, "Nani asimamie?" Mama akadhani ni kusimamia msiba, kupokea wageni na kugawa chakula. Akasema, "Shemeji asimamie." Maji yakimwagika hayazoleki. Kumbe alikuwa amemkubali awe msimamizi wa mirathi, na shemeji huyo, baba yetu mdogo, naye aliamini kwamba msimamizi ndiye mwenye mali.

Akaleta wachimbaji. Maduara, ndivyo mashimo yao yalivyoitwa, yakaizunguka nyumba pande zote, hata njia ya kisimani ikawa nyembamba kama ubao. Hatukucheza tena nje. Mdogo wangu alifungwa kamba kiunoni asije akatumbukia. Mama alipolalamika, baba mdogo alicheka.

"Mke wetu, si wewe uliyesema nisimamie? Sasa nimesimama. Unataka nikae?"

"Simama, shemeji," Mama akajibu, "ila utazame unapokanyaga."

Mwishowe mchungaji wetu alimsindikiza Mama hadi mahakama ya mwanzo kushtaki. Hakimu alimwuliza baba mdogo amewapa nini watoto wa marehemu.

"Niwape nini, na msimamizi ni mimi?"

"Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi," hakimu akasema. "Warithi ni hawa watoto."

Shamba likarudi kwetu. Tulimshukuru Mungu kwa wimbo, ingawa hapakubaki mahali pa kupanda hata mhogo.

Siku hizi wajane hunijia kanisani kabla ya kikao cha ukoo, wakauliza maana ya kila neno, na wengine huteuliwa kuwa wasimamizi wenyewe. Kwa hilo nashukuru. Hata sisi haki tuliipata. Lakini siku ya kumzika Mama, vijana walilizunguka shamba lake lote na sururu mabegani, wakitafuta ardhi ambayo haijachimbwa. Waliipata mlangoni pa jiko, yenye upana wa kaburi moja.