Kamanda wa Dharura wa Jiji Jipya

Ukimkuta Obed dukani kwake pale mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini, utadhani ni mtu mwenye kazi. Ana meza, ana kompyuta, ana printa, na mlangoni amebandika bango: PICHA ZA PASIPOTI, KUCHAPA BARUA, KUCHAJI SIMU. Lakini mteja akiingia, Obed hageuki. Anainua kidole, maana yake subiri, na mteja anasubiri mpaka anachoka na kwenda duka la pili kwa Hadijah, ambako picha ni zilezile na salamu ipo. Namfahamu tangu tukiwa watoto kule Kisondela, maana baba yake na baba yangu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Ndugu hachaguliwi. Ingekuwa anachaguliwa, huyu ningemwachia mwingine.

Kinachomzuia kugeuka ni mchezo. Ndani ya ile kompyuta kuna mji, unaitwa Jiji Jipya. Watu wazima wenye ndevu zao, wa Dar, wa Mwanza, wa Arusha, wanaingia humo mtandaoni, kila mmoja na kikaragosi chake, wanavaa hedfoni na kuongea kana kwamba ndiko wanakoishi. Mmoja ni polisi, mwingine jambazi, mwingine dereva wa teksi. Kuna mmoja kazi yake ni kuuza chipsi. Chipsi ambazo hakuna anayezila! Obed humo ni mhudumu wa gari la wagonjwa, na wenzake wanamwita Dokta Obi. Huyu Obed ninayemjua mimi, akitaka kula kuku humpelekea Athuman, mume wa Hadijah, amchinjie, kisha yeye huzunguka nyuma ya nyumba na kukaa huko mpaka kuku aache kupiga mbawa.

Mwaka huu kiongozi wa Kikosi cha Dharura cha Jiji Jipya alipata ajira ya kweli, akaacha mchezo. Mtu mwenye akili zake. Nafasi ikatangazwa, na Obed akaomba. Sijawahi kumwona akiomba kitu kwa bidii namna ile, hata Mungu. Alinisomea majibu yake mimi niliyekwenda kuchapisha tangazo la mbolea tu. Waliuliza kwa nini anataka kuongoza, akajibu kwamba tangu utotoni ana moyo wa kukimbilia wenye shida. Waliuliza uzoefu, akajibu kwamba amekulia katika jamii ambayo mtu haachwi peke yake. Hapo nilicheka mpaka Hadijah akachungulia.

"Usicheke, kaka Meshaki," akasema Obed. "Hii kitu iko siriasi. Tumebaki wawili tu. Jumamosi asubuhi wananipa kikosi nikiongoze, wananiangalia, halafu wanaamua."

"Na wakikupa, utalipwa nini?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mjinga. "Heshima," akasema.

Sasa nieleze kwa nini nilicheka. Kwetu Kisondela mtu hapimwi kwa suti wala kwa sala ndefu. Anapimwa msibani. Mtu akifa, wanaume wanakwenda na majembe na sepetu, wanachimba, na hakuna anayeandika majina, kwa sababu macho yanatosha. Asiyechimbia wenzake hachimbiwi. Hawatamtukana, hawatamfukuza. Siku yake ikifika tu, kila mwanamume atakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kukamua. Na Obed alikuwa na miaka hajaonekana kaburini. Akiitwa, anatuma ujumbe wenye picha ya mikono iliyokunjwa kuomba na maneno "poleni sana". Ujumbe hauchimbi.

Aliyekuwa anaumia ni mama yake, mama mkubwa Ikupa, mjane anayeishi peke yake na migomba yake. Mabinti zake wameolewa mbali, Obed ndiye mwana wa kiume pekee, na mpaka leo hana mke wala mtoto. Kila msiba ukitokea, mama mkubwa alikuwa anakaa na wanawake wenzake akiangalia njia, kuona kama mwanawe anashuka. Wanawake wale walikuwa wanamwona anavyoangalia. Sote tulimhurumia, na sote tulijua hofu yake ni nini: siku atakapofumba macho, nani atakwenda kumchimbia mama wa mtu asiyechimba?

Mzee Ambindwile akafariki, na maziko yakapangwa Jumamosi ileile. Huyu alikuwa jirani wa mama mkubwa, mpaka wao ni mstari wa migomba tu. Alipokufa baba yake Obed ilikuwa masika, maji yanajaa shimoni kama kisimani, na mzee Ambindwile ndiye aliyesimama ndani akiyachota kwa ndoo na kuchimba, vijana wenye nguvu wakiwa wamekaa chini ya turubai. Kwa msiba huu hata Obed hakuwa na pa kujificha. Nilimpigia simu, akasema, "Nakuja, kaka. Lazima nije."

Jumamosi asubuhi tulianza kuchimba, Obed hayupo. Mama mkubwa akaniita pembeni.

"Meshaki, baba, nenda ukamlete," akasema. "Ndaga, nakuomba. Aje ashike jembe hata kidogo, watu wamwone. Waliomzika baba yake wote wako pale."

Nikampa jembe langu mwenzangu, nikachukua bodaboda kupanda Tukuyu. Nilikuwa na tope mpaka magotini, na njia nzima nilipanga matusi.

Nilimkuta mezani, hedfoni kichwani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Shati! Kwa watu wasiomwona! Aliponiona aliinua kile kidole chake.

"Msiba, Obed," nikasema. "Mama yako amenituma."

"Najua, kaka. Wamenipa kikosi sasa hivi. Nikitoka tu nimepoteza nafasi. Nimalize, twende wote."

Ningeweza kuchomoa waya. Mpaka leo mkono unaniwasha kwa ule waya. Lakini nilikaa kwenye benchi la wateja, kwa sababu nilitaka kumrudisha kwa miguu yake, si kwa kumburuta. Kumbe nilikuwa nimekaa kuangalia sinema.

Katika Jiji Jipya basi lilikuwa limepinduka. Vikaragosi vimelala barabarani, magari ya wagonjwa yanakuja mbio, na Obed anatoa amri kwa sauti nzito ambayo sijui aliikopa wapi. "Gari la kwanza, daraja la mashariki. Gari la pili, baki na mimi." Sauti za vijana zinajibu kutoka kwenye spika, "Sawa, mkuu." Halafu kikaragosi kimoja kikafa. Kilikuwa cha kijana mmoja aliyetaka kuacha mchezo, na sheria zao zinaruhusu hivyo: unamfisha mtu wako, basi, harudi tena. Humo ndani alikuwa fundi baiskeli, wanamwita Mzee Spoku.

Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Kikaragosi chake kikavua kofia. Kisha akasema, "Magari yote yasimame."

"Mkuu, huku darajani kuna majeruhi kibao," kijana mmoja akajibu.

"Nimesema yasimame. Kuna maiti hapa. Mtu amelala chini, ninyi mnaendelea kupiga ving'ora? Njooni wote. Tumbebe, tumpeleke kwake, tuchimbe. Msiba hauachwi."

Nusura nianguke kwenye benchi. Msiba hauachwi! Yalikuwa maneno ya marehemu baba yake, na sauti ilikuwa ya marehemu baba yake, yanatoka kwa mtu ambaye kilomita chache kutoka pale aliyemzika baba yake alikuwa amelazwa ndani, na watu wanamsubiri.

Vijana wa Dar walicheka kwanza. Mmoja akasema, kwani si mtu anafutika tu mwenyewe? Obed akamkemea, akamwambia mtu hafutiki, mtu anazikwa. Wakaja. Polisi wakaja, majambazi wakaja, muuza chipsi akafunga duka lake. Wakakibeba kile kikaragosi kwa miguu mji mzima. Obed akawapanga: hawa wachimbe, hawa wakae na wafiwa, asiondoke mtu mpaka udongo uwe umerudi. Alijua kila kitu, yule bwana. Alijua nani anatangulia, nani anashika sepetu kwanza, nani anasema neno. Na kule darajani majeruhi wao walikuwa wanaita msaada mmoja baada ya mwingine, mpaka wakanyamaza. Kwa kiongozi wa magari ya wagonjwa, sijui kama kuna kosa kubwa kuliko hilo. Mtu wa mahali pengine angeacha maiti na kukimbilia walio hai. Sisi ndivyo tulivyolelewa, tunakwenda kwenye maiti.

Nilidhani watamfukuza palepale. Wapi! Mwenye mji, kijana wa Dar mwenye sauti ya kubalehe juzi, akaingia na kusema tangu waanzishe Jiji Jipya hajawahi kuona kitu kizito namna ile, machozi yamemtoka, nafasi ni ya Dokta Obi. Spika ikapasuka kwa makofi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alikuwa amecheza kwa watu asiowajua sura, na hao ndio waliomtunza.

Obed akanigeukia, macho yana maji. "Kaka, umeona? Nimepata."

"Umepata," nikasema. "Sasa twende."

"Kuna kuapishwa, kaka. Dakika kidogo tu."

Nilimdharau. Nasema wazi, sina neno laini zaidi la kuliweka hapo. Kama angekuwa mtu asiyejua msiba ni nini, ningesema ni mjinga, nimsamehe. Lakini alijua. Nilimwacha na kiapo chake nikashuka Kisondela peke yangu.

Nilipofika, sikusikia majembe. Wanaume walikuwa wamesimama kuzunguka shimo, na ndani ya shimo alikuwamo mama mkubwa Ikupa. Amefunga kitenge kiunoni, miguu mitupu, ameshika jembe, anachimba.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Sijawahi kuona, na wakubwa wangu hawajawahi kuona. Wanawake waliokuwa wanalia ndani walikuwa wameacha kulia, wamejaa mlangoni. Yohane, anayeongoza uchimbaji, mtu mzima ambaye hajui kubembeleza, alikuwa amepiga goti ukingoni.

"Mama, toka," alikuwa anasema. "Tafadhali, mama. Tunakosea kukuangalia."

"Nachimba zamu ya Obed."

"Tumeelewa. Toka. Wewe usiwe na wasiwasi. Siku yako ikifika tutakuzika, nakuapia mbele ya hawa wote. Nani atakuacha wewe?"

Mama mkubwa akasimama, akaegemea mpini. Alikuwa anahema.

"Gwe Yohane," akasema, "mmefikiri nimekuja kwa ajili yangu? Mimi hata mkinitupa migombani nitaoza tu. Miaka yote hii naangalia njia, mnafikiri nalilia kaburi langu? Mtoto wangu hana mke, hana mtoto. Mimi nikishaondoka, ni nani atakayewaambia kwamba yule naye ni mtu wa hapa? Nihesabieni hili liwe lake."

Yohane akashuka shimoni, akamshika mkono, akampandisha taratibu kama anampandisha mama yake mwenyewe. Kisha akasema, bila kututazama, "Obed amekuja." Na wanaume, mmoja mmoja, tukaitikia, "Amekuja." Mimi pia niliitikia, mimi niliyekuwa nimetoka kumwona alipokuwa.

Tulimzika mzee Ambindwile alasiri, mvua ikituonea. Obed hakutokea. Alituma mikono iliyokunjwa.

Jumatatu nilipanda mjini. Sikwenda kugombana. Matusi yote niliyoyapanga yalikuwa yameisha, na nilichotaka ni asikie tu. Nilikuta kikaragosi chake kimevalishwa sare nyekundu yenye nyota mabegani. Nikamwambia avue hedfoni, akaitelemsha shingoni. Nikamweleza yote: kitenge, miguu mitupu, jembe, maneno aliyosema mama yake, jinsi sisi wanaume tulivyoitikia jina lake kwa uongo kwa sababu ya yule mama.

Obed aliinamisha kichwa. "Mama aliingia shimoni?" akauliza.

"Aliingia."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Sasa hivi yuko nyumbani, mgongo haunyooki. Funga duka twende, umwone."

Akashika kingo za meza kama anayetaka kuinuka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilimwonea huruma, nikanyoosha mkono nichukue kofuli nimfungie mlango. Pale shingoni hedfoni ikatoa sauti ndogo, kijana anaita: mkuu, mkuu, unasikika?

Obed akaniangalia. Kisha akainua kidole.

"Kidogo tu, kaka," akasema, huku anairudisha masikioni. "Kuna mtu amegongwa."