Baraza Kumi na Moja

Mjomba wangu kule Kaloleni alikuwa akisafirisha pombe ya mnazi kwa baiskeli, madumu manne nyuma, na breki hana. Akifika mteremkoni hukata tawi, hulifunga nyuma liburute chini, ndiyo breki hiyo. Sisi watoto tulikuwa tukilikimbilia lile vumbi. Kwa nini nimemkumbuka mjomba? Enhe, baiskeli. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini baiskeli niliijua, na miaka mingi nilibeba abiria Malindi. Tumbo sina, paja gumu kama mti.

Kisha Katana, mwanangu wa kwanza, akajenga kando ya barabara kuu, akanichukua nikae naye. Nyumba nzuri, choo ndani. Lakini ukitoka getini tu, lori. Siku ya tatu lori likanitupa mtaroni. Katana akaitundika baiskeli kwenye msumari.

"Baba, pumzika sasa."

Nikapumzika miaka miwili kwenye kiti cha plastiki. Niwaambie ukweli, huko kupumzika nusura kuniue. Mwili ukajaa, sukari ikapanda. Asubuhi moja nanyanyua kikombe, chai yamwagika kifuani. Mdomo umekwenda upande, mate yatoka, mguu wa kulia siusikii. Nikajikojolea mbele ya mke wa mwanangu. Kiharusi.

Daktari akasema, "Mzee, dawa utakunywa. Lakini mguu huo usipotembezwa, utalala moja kwa moja."

"Atembee wapi, daktari?" Katana akauliza. "Nje ni malori matupu."

Aliyejibu ni dada yangu Kadzo, aliyeolewa mji wa kale. "Nipeni ndugu yangu."

Kwa Kadzo gari haliingii. Vichochoro vyembamba, kivuli kutwa, na kila nyumba ina baraza nje, lile benchi la mawe la kukalia watu. Toka mlangoni pake mpaka kwa muuza kahawa ni baraza kumi na moja. Siku ya kwanza niliukokota mguu hadi ya kwanza, nikaanguka juu yake kama gunia, nikalia. Lakini nilikuwa na pa kuangukia! Bi Rukia wa baraza ya nne alinichokoza kila siku: "Mahamri yapoa, mzee, nawe ungali kwa jirani? Basi naolewa na mwingine!" Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wiki ile ile nikafika kwake.

Baraza ya saba, kidole gumba cha mguu ule kikatikisika. Chenyewe! Nilikitazama kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ewe Mulungu, miaka sabini ninacho, sijakishukuru hata siku moja! Bi Rukia akaja mbio, akainama akione, wapita njia wakainama, kichochoro kikaziba.

Dawa ningali nanywa, nanyi msiache zenu. Lakini mkimpenda mgonjwa wenu, tazameni nje ya mlango wake pana nini. Kadzo aliliona hilo, Mulungu amweke.

Nilipopona, nikifika kwa muuza kahawa bila kuketi njiani, Katana alinirudisha kwake. Kiti kimeoshwa, televisheni mpya. Nikamshukuru, kwa dhati. Kisha nikaishusha baiskeli msumarini, nikaijaza upepo, nikaikokota mpaka getini.

"Baba, chai iko mezani! Warudi saa ngapi?"

Nikangoja lori lipite. Nikavuka.