Alijuta Kumwachia Huru

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Mazwi, hapa Sumbawanga, kwa muuza vitunguu, aliyeongeza kuwa mzee yule ameondoka na moyo mweupe kwa sababu hakumwonea mtu. Nilikuwa karani wake alipokuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na sipendi kumbukumbu zikae vibaya. Kweli hakumwonea mtu. Moyo mweupe hakuwa nao.

Wakati wa kuhamia vijijini, aliletewa mkulima aliyeshitakiwa kwa kukaidi amri ya kuhama. Mtu huyu hakuupinga Ujamaa. Aliomba tu aachwe hadi avune, kwani alikwisha kufukia majani yawe mbolea kwenye matuta yake, na matuta ya Ufipa hayapakiwi kwenye lori. Asubuhi ile mkuu wa wilaya alipita ofisini, akanywa chai yetu, akamuuliza hakimu kama yeye ni mwenzao au siyo. “Mheshimiwa, kwenye chai ni mwenzenu,” alijibu. “Nikishakaa barazani sina mwenzangu.” Mkuu alicheka. Kabla ya adhuhuri hakimu alitamka, washauri wake wakiafiki, kwamba amri iliyotangazwa mkutanoni tu si sheria, na mshitakiwa yuko huru.

Uhuru huo uliishia mlangoni. Mgambo walimkamata palepale, kwa amri ya mkuu, kama mtu anayehatarisha amani. Sheria ilimpa mkuu uwezo huo, sikatai. Ilimpa kwa ajili ya kuzuia fujo, si kwa ajili ya kutengua hukumu. Siku za kisheria za kumshikilia zilipokwisha, iliandikwa amri nyingine. Mkulima akiwa mahabusu, nyumba yake ilibomolewa, mkewe na watoto wakateremshwa hadi kijiji kipya bondeni, upande wa Mtowisa, kwenye joto wasilolizoea. Msimu wa kupanda ulimpita akiwa ndani.

Hakimu angalimtoza faini ndogo, mkuu angaliridhika. Hilo ndilo lililomla hakimu. Kila aliponiuliza kama alikosea, nilimjibu kwa vifungu vya sheria. Baada ya kustaafu alinichukua twende Mtowisa akaombe radhi. Mkulima alitukaribisha vizuri, akamsikiliza hadi mwisho. “Faini ningelipa, Mheshimiwa,” alisema kwa upole. “Ningelipa, nikarudi kwenye matuta yangu.” Tulipanda mlima kurudi Sumbawanga, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kifungu.

Mkuu yule alipandishwa cheo. Sijasikia kwamba aliwahi kukosa usingizi. Serikali inapoingiza mkono mahakamani, haimnyang’anyi haki mshitakiwa peke yake. Humfikisha hakimu mwadilifu mahali pa kuomba radhi kwa uadilifu wake, na sisi watumishi tunaojua sheria tukabaki kumpa pole. Haya yalistahili kusemwa jana kwenye mazishi. Wakubwa wa wilaya walikuwa wamekaa mstari wa mbele, nami, mstaafu nisiye na cha kupoteza, nilipopewa nafasi ya kuzungumza nilisema marehemu alikuwa mtu wa watu.