Mzigo wa Babu Uliobaki Tunduma

Enzi zetu vitu vya umeme havikuagizwa. Vilikuja na mtu. Vilikuja vimeviringishwa kwenye blanketi, na huyo mtu mwenyewe alikuja na miguu iliyovimba kwa safari, akinuka mafuta ya treni na jasho la siku nyingi. Ndiyo maana pale Igowole tukisikia redio mpya inaimba kwa jirani hatukuuliza imenunuliwa wapi. Tuliuliza nani amerudi.

Wenzangu mliokulia Mufindi miaka ile ya foleni za sabuni mtanisaidia kukumbuka. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata tukawa tunatambuana kwa kikohozi. Tulikwenda shule pekupeku juu ya majani yaliyoganda kwa baridi, tukikimbia, kwa sababu ukisimama nyayo zinauma. Mifukoni tulikuwa na viazi vya kuchoma. Vilikuwa chakula cha saa nne, na kabla ya hapo vilikuwa dawa ya vidole. Jioni tulicheza rede mpaka mama zetu wapaze sauti, kisha tukabanana jikoni kuzunguka moto, mbele unaungua na mgongoni unaganda.

Redio katika upande wetu wa kijiji ilikuwa moja, ya mwinjilisti. Betri zake zikichoka zilianikwa juu ya bati pamoja na mahindi, na jua lenyewe kwetu lilikuwa la kubahatisha. Watu wazima walikwenda kwake hasa kusikiliza matangazo ya vifo, maana hiyo ndiyo ilikuwa njia ya haraka ya kujua nani wa ukoo amefariki mjini. Sisi watoto tulitengeneza ya kwetu. Tulichukua boksi la majani ya chai, tukalitoboa matundu, tukachomeka bua la mhindi kuwa eriali, na mmoja wetu akajificha nyuma yake akisoma kwa sauti nzito majina ya marehemu: jogoo wa fulani, mbuzi wa fulani, mwalimu wa hesabu. Mama alitutoa mbio na mwiko mkononi. "Mtakiita kifo humu ndani, nyie! Someni basi bei ya mahindi!"

Nyumba yetu ilikuwa ya babu, baba wa baba yangu, na ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Mzigo wa msafiri haukufunguliwa na mtu mwingine yeyote ila babu. Baba akirudi Iringa mjini, hata kama amebeba mkate na kipande cha sabuni tu, aliuweka mzigo mbele ya kigoda cha babu na kukaa pembeni. Babu aliugusa, akamuuliza kama ametembea salama, kisha akaanza kulegeza fundo kwa kucha zake. Hakukata kamba hata siku moja. Sisi tulikuwa tumejipanga shingo zimerefuka kama za bata, na yeye anaikunja kamba taratibu, anaitia mfukoni, ndipo anaufunua mzigo. Nikiwa mtoto niliona ni ukatili. Baadaye nilielewa kwamba kwake mzigo ulikuwa wa nyumba nzima, na aliyesafiri alikuwa ameubeba tu.

Baba alikuwa na kaka mmoja, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa bila kuwa tumewahi kumwona. Aliondoka kabla sijazaliwa kwenda Zambia, kwenye migodi ya shaba, kama walivyokwenda vijana wengi wa nyanda hizi. Bibi alipofariki, habari zilimfikia baada ya miezi mingi, msiba umekwisha na kaburi limeota majani. Babu hakulikubali hilo. Alisema mtoto asiyejua siku aliyozikwa mama yake abaki huko huko, na jina lake halikutajwa tena mezani kwetu.

Kisha kifua cha babu kikaanza. Alikohoa tangu mvua zilipoanza, akakonda mpaka koti likawa linamvaa yeye. Siku moja, mchana, akiwa ameegemea ukuta wa jikoni upande wenye moto, alimwita baba.

"Nenda kamlete kaka yako," alisema. "Nataka aje aniamkie."

Hakuongeza neno, na baba hakuhitaji nyongeza. Kwetu ugomvi wa mzazi na mtoto haukumalizwa kwa vikao virefu. Mtoto alikuja, akaamkia. Mzazi akiitikia, yamekwisha. Asipoitikia, ndiyo hivyo tena, hadi kaburini.

Baba aliuza ng'ombe, akaenda. Alimkuta kaka yake yuko kitandani, vumbi la mgodi limemmaliza mapafu, hawezi kutembea hata kufika kwenye kituo cha basi. Wakatazamana. Nadhani kila mmoja alikuwa ameandaa maneno yake na hakuna aliyeyatumia. Baada ya siku chache baba mkubwa alimtuma mtu mjini, akanunua redio kaseti mpya, kubwa, yenye spika mbili. Akawaomba wote watoke, akafunga mlango, akazungumza humo peke yake. Alipomaliza aliiacha kanda ndani ya redio, akairudisha kwenye boksi, na boksi akalishonea gunia kwa mkono wake, mshono wa karibu karibu kama wa godoro. "Baba atafungua," alimwambia mdogo wake. "Wewe beba tu."

Mambo ya mpakani baba alitusimulia mara moja tu, na hakuyapamba. Pale Tunduma abiria wote walishushwa na mizigo yao kukaguliwa. Miaka ile redio ya nje ilikuwa kitu cha kuulizwa maswali, na maofisa wa forodha walikuwa kazini kwao, hilo baba alilisisitiza. Zamu yake ilipofika, ofisa aligonga gunia kwa fimbo.

"Fungua, mzee."

"Huu si wangu, bwana mkubwa. Ni wa baba. Anaufungua yeye."

"Ndani kuna nini?"

"Redio."

"Sasa kama unajua ni redio, unaogopa nini kufungua?"

"Siogopi. Baba ndiye anayefungua."

"Na huyo baba yako yuko wapi?"

"Igowole. Mufindi."

Ofisa aliwageukia wenzake. "Mnamsikia huyu? Tuhamishie forodha Igowole?" Wakacheka, na hata abiria waliokuwa nyuma, waliokuwa wanaombea kimoyomoyo mabegi yao yasipekuliwe, wakacheka nao. "Haya, mzee. Kamwambie baba yako aje afungue. Sisi tupo, na mzigo utaukuta stoo."

Mtu mwingine yeyote angeelewa kwamba anataniwa, angekata mshono, angelipa ushuru na kuendelea na safari. Baba aliichukua kauli ile kama maelekezo. Aliliacha gunia stoo, akashukuru, akapanda gari kuja nyumbani kuomba ruhusa.

Mvua zilikuwa kubwa. Lori alilopanda liliharibika Igawa na abiria wakalala chini ya turubai. Alishuka Nyololo, akatembea kwenye tope hadi kwetu. Nakumbuka alivyoingia, kwa sababu mama aliangalia mikono yake kwanza, ikiwa mitupu, ndipo akamwangalia usoni.

Babu alikuwa hawezi tena kukaa kigodani. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho.

"Umeuacha Tunduma kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nani alikufundisha ujinga wa namna hiyo?"

Hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye hakulijua jibu.

Babu akafumba macho, akapumua kwa shida. "Kafungue. Hata wakikata kwa panga, wewe kafungue, uniletee." Baba alipokuwa anasimama, akamshika suruali. "Ana sauti gani siku hizi?"

"Ile ile, baba. Imekwaruza kidogo tu."

"Alisema nini?"

"Sikusikia. Alifunga mlango."

Babu akamwachia. "Basi kimbia."

Baba hakula. Mama alimfungia viazi kwenye kitambaa, naye akarudi kwenye tope lile lile. Siku zilizofuata babu alikuwa akiuliza kila gari liliposikika barabarani, na kwa kuwa magari ya chai yalipita mara kwa mara, aliuliza mara nyingi. Mama alitutuma tukachungulie hata pale alipojua kabisa ni lori la kiwanda. "Nendeni tu," alituambia kwa sauti ya chini. "Aone mmekwenda." Ilipokuwa asubuhi moja ya ukungu, lilipita gari na hakuuliza.

Wakati ule kijijini hakukuwa na namna ya kumhifadhi maiti. Wazee walikaa, wakamsubiri baba mpaka ilipobidi, wakazika.

Aliyoyafanya Tunduma yalikuwa mepesi kuliko alivyotarajia. Ofisa yule yule alikata mshono kwa kisu, akachungulia, akaandika, akapokea ushuru. "Kumbe ni redio kweli, mzee," alimwambia, na akamsaidia kuifunga upya ndani ya gunia. Kila kitu kilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Baba alikuja nao ule mzigo kichwani kutoka Nyololo, akakutana njiani na mama mmoja jirani, akamsalimia kamwene. Yule mama aliitikia bila kuinua macho. Baba akaendelea, akaona benchi za kanisani zimepangwa uwanjani kwetu na magogo makubwa yanafuka moshi, akasimama. Hakuutua mzigo. Ilibidi wanaume wawili wamwondolee kichwani.

Mchana wa kuanua matanga, wazee waliamua kanda isikilizwe. Walisema ni ujumbe wa mtoto kwenye msiba wa baba yake, na ni vibaya kuufungia kwenye boksi. Redio iliwekwa juu ya kigoda. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, inang'aa, na watoto tuliruhusiwa kukaa mbele. Baba akabonyeza.

Kwanza ulisikika mkwaruzo, kisha kikohozi, ambacho kilinishtua kwa sababu kilikuwa cha babu kabisa. Kisha sauti ya mtu mzima ikasema polepole:

"Shikamoo, baba."

Halafu kimya. Tulidhani imeharibika, na kijana mmoja akanyoosha mkono, lakini kanda ilikuwa inazunguka. Alikuwa ameacha nafasi. Aliiacha ndefu, kwa kadiri mzee mgonjwa anavyoweza kuhitaji kumeza mate, kujiinua na kuvuta pumzi. Chumba kilijaa watu. Baba yangu ni mdogo wake, hawezi kumwitikia kaka yake. Walikuwamo wazee wa jirani wenye umri wa kuitikia shikamoo ya mtu yeyote kijijini, lakini ile haikuwa yao, na walijua. Kila mtu alitazama sakafu.

"Asante, baba," sauti ikasema. "Nashukuru sana." Na ikaendelea kwa furaha, inaeleza habari za kule kama mtu aliyekwishasamehewa.

Baba hakuizima. Alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba mpaka kanda ikaisha yenyewe.

Miezi kadhaa baadaye alipita mtu wa Mufindi aliyekuwa likizo kutoka migodini, karibu anarudi. Alimkuta baba shambani, nami nilikuwa nimempelekea maji.

"Kaka yako habari za msiba anazo," alisema. "Ila anauliza neno moja tu. Kanda ilimkuta mzee? Aliitikia?"

Baba alifuta jembe kwa nyasi, upande mmoja, kisha wa pili.

"Mwambie ilimkuta. Mwambie aliitikia."

Akaliweka jembe begani, tukarudi nyumbani. Baba mkubwa alifariki kabla ya mavuno, na aliyetuletea habari alisema alikwenda akiwa ametulia. Baba hakuwahi kusikika akisema uongo mwingine, angalau mimi sikumsikia.

Siku hizi ninaishi Ipogolo, na mtoto wa kaka yangu, Baraka, anauza vifaa vya simu Mbeya. Anaagiza China akiwa amelala chali. Wakala wa Dar es Salaam anamtolea mzigo bandarini, basi linauleta, na hakuna anayejua nani aliufunga. Juzi alinipigia akiwa amekasirika kweli. "Shangazi, spika zangu zimekwama forodha siku ya tatu! Hawa watu watanitoa roho!" Nikampa pole. Anafungua maboksi yake kwa kisu, mlangoni pa duka, akiwa amesimama, huku anajirekodi video.

Simdharau. Sipendi hata kidogo wanaosema miaka ile ilikuwa bora. Kama simu ya Baraka ingekuwepo, babu angemwona mwanawe usoni, angeitikia siku ile ile, na baba asingelala Igawa chini ya turubai. Ninalijua hilo kila ninapopokea simu.

Lakini nikiwa dukani kwake humsikia akifungua ujumbe wa sauti aliotumiwa, mmoja baada ya mwingine, akiuharakisha mpaka watu wazima wanalia kama vifaranga. "Sina muda, Shangazi," huniambia. Na waliotuma nao hawana. Wanaamkia na kuendelea kwa pumzi hiyo hiyo: shikamoo mama naomba hela, shikamoo mjomba ule mzigo vipi. Ninasikiliza pale kwenye kona, na bila kutaka ninajikuta ninasubiri mmoja wao anyamaze kidogo.