Alisahau Kuuliza Kama ni Dume

Saa moja asubuhi, mtunza ghala wa kiwanda cha unga amepiga magoti kati ya magunia, anamvuta paka wake aliyejificha. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," anatania. Anampapasa kinyumenyume, kutoka mkiani kuelekea shingoni. Manyoya ni mafupi, rangi ya majivu. Yakifunguka, chini kuna weupe.

"Hiyo ndiyo alama yao. Isipokuwepo, huyo ni paka tu."

Wenzake wanamwita Mama Nyau, naye hana kinyongo. Mbegu hii aliianzisha marehemu mumewe, fundi mashine wa hapohapo. Kwa miaka kumi na tisa waliandika kila mtoto kwenye daftari la shule: kazaliwa na nani, kapelekwa wapi. Wamefika sitini na mmoja. Mafua ya paka yalipopita mwaka juzi, ghalani akabaki huyu tu, jike la miaka sita.

Theluthi ya mshahara wake inaishia kwenye samaki na dawa. Binti yake, anayeishi mbali, humwambia kwenye simu, "Mama, paka ni paka."

"Namwambia, 'Haya, mwanangu.' Baba yake angenielewa."

Mwezi uliopita alipigiwa simu na kinyozi wa mji mwingine, ambaye marehemu aliwahi kumpa paka. "Ninaye mmoja, damu yenu kabisa. Nimtume?" Kikapu kikaja kwa basi. Akampapasa: weupe upo. Akamgeuza: jike.

"Kiswahili chetu hiki," anasema, akicheka kidogo. "Yeye kasema 'ninaye mmoja', mimi nimesikia dume. Miaka yote hiyo naandika daftari, halafu swali la kwanza kabisa nalisahau."

Kicheko kinakatika. "Nilikaa sakafuni nikalia. Nyumba nzima hamna wa kumwambia."

Hakumrudisha. Sasa paka wote wawili wanalala miguuni pake, majike watupu. Mgeni ameandikwa wa sitini na mbili.

Juzi kinyozi alipiga tena: ndugu wa paka yule yuko kwa fundi viatu, vijiji viwili mbele.

"Nikamwuliza, ndugu wa kiume? Akasema hajui, na fundi hana simu."

Jumamosi atakwenda mwenyewe, na kikapu na daftari. Akiwa dume, atamwomba kwa magoti.

Na akiwa jike?

"Nitakunywa chai na huyo fundi. Nitakuwa nimeongea na mtu anayewajua."